Bunduki ya kuvulia niliyojitengenezea mwenyewe: mninga safi, kifyatulio safi, mipira ya kwanza hovyo

Nina hii bunduki ya kuvulia samaki chini ya maji, ile inayorusha mshale kwa nguvu ya mipira, miezi minne sasa na nimeingia nayo baharini zaidi ya mara ishirini, kwa hiyo naweza kuisema kwa uhakika. Ntaongelea kila kitu nilichonunua kuitengeneza, mbao, gundi, kifyatulio, mshale, mipira, alafu bunduki yenyewe ikiwa imekamilika. Nimeamua kuandika kwa Kiswahili manake wakati naanza nilitafuta maelezo kwa lugha yetu sikupata, na hapa Durban tupo wengi tunaopenda bahari.

Mi ni mtu wa Tanga ila naishi Durban mwaka wa saba huu. Hilo nalitanguliza kwa sababu ya sheria. Nyumbani hizi bunduki ni marufuku, bara marufuku, Zanzibar marufuku, Kenya walizipiga marufuku toka 2001 pamoja na nyavu za kukokota. Na sababu yenyewe naikubali, mtu mwenye bunduki anamfuata chewa mpaka kwenye pango lake, na chewa anachukua miaka mingi kukua, ukiwamaliza wale wakubwa hakuna wa kuzaa. Kwa hiyo kama unasoma hii uko Pangani au Kilifi, naomba usiijenge. Hapa Afrika Kusini inaruhusiwa ukiwa na kibali, mimi changu nilikata posta, na masharti yake yapo wazi, huvui ukiwa umebeba mtungi wa hewa, ni pumzi yako tu, samaki huuzi unakula kwako, kuna maeneo ya hifadhi huruhusiwi, kuna idadi kwa siku, na kuna samaki kama yule wanayemwita shadi amefungwa kabisa Oktoba na Novemba.

Sasa kwa nini nitengeneze wakati Durban ndo nyumbani kwa Rob Allen, watengenezaji wa bunduki za kuvulia, na bunduki zao za bomba la alumini ziko kila duka la wazamiaji? Kwanza babu yangu alikuwa fundi wa ngalawa na mimi nimekua nashika randa toka mdogo, nikakaa miaka sijagusa mbao, roho ikawa inaniuma. Pili nilishikishwa bunduki ya mbao na jamaa mmoja tukiwa majini, nikapiga mara moja tu. Ile bunduki haikuruka mkononi hata kidogo. Ya alumini niliyokuwa natumia ukifyatua inakurudishia mkono juu, hii ilikaa tu kama imeshikwa na mtu mwingine upande wa mbele. Toka siku ile sikuwa na amani.

Mbao. Hapa ndo nina furaha kuliko kote. Nilienda upande wa Jacobs kwenye maduka ya mbao nikiwa natafuta mitiki, kwa sababu karibu kila mtu anayetengeneza hizi bunduki anasema mitiki, ina mafuta yake ndani, haiozi, haipindi hovyo. Mitiki ilikuwepo ila bei yake ilinirudisha nyuma. Fundi wa pale, mzee Mmalawi, akanivuta pembeni akanionyesha mbao nyekundu kahawia imeandikwa kiaat, akasema hii kwetu tunaiita mlombwa, Wazulu wanaiita umvangazi. Nikaipiga randa kidogo kwenye kona, ile harufu na ile rangi ikanitoa shaka pale pale. Ni mninga! Mninga huu huu wa vitanda vya Tabora na milango ya nyumba zetu, nilikuwa nimepita mbele ya hilo jina miaka yote nikidhani ni mti wa kwao. Nikamwambia baba, kwetu huu ni mninga, akacheka akanipunguzia bei.

Kwa kazi hii mninga ni mbao nzuri sana na sisemi kwa sababu ni wa kwetu. Sifa yake kubwa ni kwamba hausinyai wala haujipindi sana unapotoka kwenye unyevu kwenda kwenye ukavu, na bunduki ya kuvulia maisha yake ndo hayo, inalowa asubuhi inakauka mchana kwenye boneti ya gari. Mchwa hauutaki, kuoza ni kwa shida, na unafanyika kirahisi, patasi inaingia vizuri. Uzito wake pia ni wa katikati, unaelea, tofauti na mpingo ambao ukiutupa majini unazama kama jiwe. Onyo moja tu, vumbi lake ni baya puani. Siku ya kwanza nilipiga msasa bila barakoa nikashinda napiga chafya mpaka usiku na kifua kikabana, toka hapo sikugusa msasa bila kujifunga. Alama tano kati ya tano kwa mbao, na yule mzee nampa alama zake kwa sababu alinichagulia ubao ambao nyuzi zake zimenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, aliuinua akauangalia kwa jicho moja kama mtu analenga, akaukataa wa kwanza, akaukataa wa pili, wa tatu ndo akanipa.

Usije ukachonga bunduki kwenye gogo moja zima. Mbao moja itapinda tu siku moja, hata mninga, na ikipinda milimita mbili mshale hauendi unakolenga. Unapasua vipande vitatu vyembamba, mimi vyangu vilikuwa milimita 13 kila kimoja, alafu kile cha katikati unakigeuza kichwa chini ili nyuzi zake zivute kinyume na za wenzake. Kila kimoja kikitaka kupinda mwenzake anamzuia. Ukishaelewa hilo utaelewa kwa nini kazi yote ya bunduki ya mbao iko kwenye gundi.

Gundi nilitumia epoksi ya mafundi boti, ile ya kuchanganya viwili. Inashika kweli kweli lakini ina adabu zake. Unafuta mbao kwa asetoni kwanza kuondoa mafuta, unapaka pande zote mbili, unabana kwa klampu kila baada ya sentimita 10 hivi juu ya meza iliyonyooka kabisa. Kosa nililofanya ni kukaza klampu kwa nguvu zangu zote nikidhani ndo itashika zaidi. Epoksi haitaki hivyo, ukiikaza sana inatoka yote pembeni na pale katikati panabaki pakavu. Kesho yake nilivyokata ncha nikaona mstari mweupe kwenye maungio, nikagonga na nyundo kipande kikaachia. Ule ubao wa kwanza ukaenda na maji, wikendi nzima na hela yake. Mara ya pili nilikaza mpaka nikaona gundi imejitokeza kama shanga ndogo ndogo pembeni nikaacha hapo hapo, nikaiacha siku nzima na usiku wake, ikatoka kitu kimoja huwezi kujua ni vipande. Epoksi tano kati ya tano, kosa lilikuwa la mkono wangu.

Kifyatulio sasa. Hapa naomba unisikilize ndugu yangu, hata kama we ni fundi chuma wa kuaminika, bunduki ya kwanza usitengeneze kifyatulio mwenyewe. Nimeona watu wanakata bati la stenlesi na grainda wanaunganisha na bolti, na zinafanya kazi, mpaka siku isipofanya. Kile kitu kinazuia mvuto wa mipira miwili iliyovutwa mpaka mwisho, kikiachia wakati unapakia, mshale uko mbele ya mkono wako na nyuma yake kiko kifua chako. Nilinunua cha kaseti, yaani kifyatulio kizima kimo ndani ya kiboksi chake cha stenlesi, unachimba shimo kwenye mbao unakitumbukiza unakifunga kwa pini. Ndo kitu kilichonigharimu zaidi kwenye bunduki nzima, karibu nusu ya hela yote, na sijuti hata senti. Ukivuta hakina mkwaruzo, kinaachia laini wakati wote, mchanga umeingia nimekisuuza na maji ya bomba kikarudi vile vile. Miezi minne hakuna doa la kutu. Tano kati ya tano na ningekuwa na ya sita ningetoa.

Shida ilikuwa kwenye shimo lake, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo palinichukulia wikendi mbili na ndo kila anayetengeneza mara ya kwanza atakapokwama. Mimi nilichimba baada ya kugandisha mbao, kwa drili na patasi, na nikapitiliza upande mmoja kama milimita moja. Unaweza kuona milimita ni kitu kidogo. Lakini kifyatulio kikicheza milimita moja, mkia wa mshale haulali sawasawa kwenye mfereji wake, ule mtaro wa juu ya bunduki, na ncha iliyo mita moja na nusu mbele inaangalia kwingine kabisa. Nilijaribu kulenga kipande cha godoro ndani ya maji, bunduki ikiwa imefungwa, umbali wa mita tatu, mishale yote ikapita juu, kiganja kizima juu. Nikadhani ni mipira, nikadhani ni mshale umepinda, nikaubingirisha kwenye kioo ukawa umenyooka kama wembe. Ndo yule yule mzee Mmalawi akanambia weka jicho nyuma angalia, chuma chako kimeinama.

Dawa yake ni hii. Unachukua unga wa msasa wa mninga wenyewe unachanganya na epoksi mpaka inakuwa nzito kama siagi ya karanga. Kifyatulio unakipaka nta na kukizungushia ile nailoni nyembamba ya jikoni ili kisigandie, unaziba mianya yake yote epoksi isiingie ndani kwenye springi, alafu unakitumbukiza kwenye shimo ukiwa umekiwekea mshale na mshale umelala sawasawa kwenye mfereji toka mwanzo mpaka mwisho. Unaacha kikauke hivyo hivyo. Ukikitoa kesho yake shimo limechukua umbo lake kamili, hakichezi hata nywele. Baada ya hapo mishale mitano niliyopiga ilikaa ndani ya kiganja. Ila kama ningerudia leo nisingechimba kabisa, ningepasua kile kipande cha katikati kiwe na unene sawasawa na kaseti, nikate nafasi yake kwa msumeno kabla ya kugandisha, alafu vile viwili vya pembeni vinakuwa ndo kuta zenyewe. Rahisi, na imenyooka yenyewe. Bunduki ya pili inakuja hivyo.

Mfereji wa mshale nilipitisha kwa rauta ya kuazima, kisu cha duara, nikaongozwa na ubao ulionyooka nilioubana pembeni. Hapo hapakuwa na neno, ila usifanye kwa mkono huru hata kama unajiamini vipi.

Mshale ni wa milimita 7, chuma cha springi, mita moja na nusu kwa bunduki ya sentimita 110, una kile kidole kimoja kinachofunguka nyuma ya ncha samaki asichomoke. Mzuri. Umegonga mwamba mara mbili nimeunoa na tupa nikaendelea. Unashika kutu ukiuacha na chumvi kwa hiyo ukifika nyumbani maji ya bomba na mafuta kidogo. Nne kati ya tano kwa sababu kidole kilikuwa kinabana, nilikilegeza mwenyewe kwa kukitikisa na mafuta usiku mzima, na mshale mpya hautakiwi kuwa hivyo, kidole kisipofunguka samaki anaondoka na tundu ubavuni anakwenda kufa bure huko.

Sasa mipira. Mipira ya kwanza niliyonunua duka fulani, jina naliacha, ilikuwa mibovu na nimekasirika mpaka leo. Ilikuwa ya milimita 16, nyeusi, inang'aa, imewekwa dirishani. Hilo dirisha ndo lenyewe, jua la Durban linaipiga siku nzima, na mpira adui yake mkubwa ni jua. Mara ya tatu kupakia nikaona vipasuko vidogo vidogo pale kwenye fundo, mara ya nne mmoja ukakatika nikiwa nauvuta, ukanichapa mkono ukavimba siku mbili. Nikarudi nao dukani nikaambiwa ni matumizi mabaya. Mara nne! Ukinunua mpira uvute kidogo dukani kwa vidole uuangalie kwenye mwanga, ukiona mistari kama ngozi ya kisigino kavu uache hapo hapo. Mipira niliyonunua baadae duka lingine, iliyokuwa imekunjwa kwenye boksi gizani, bado naitumia. Hii ya pili naipa nne, ile ya kwanza sifuri.

Na kuhusu urefu wa mpira watu wananiuliza sana. Unapima kutoka tundu la mdomo wa bunduki mpaka jino la mshale pale mpira unaposhikia, mimi ilikuwa sentimita 105, mara mbili kwa sababu mpira unarudi pande zote mbili, 210, unagawa kwa tatu nukta kitu, mimi niligawa kwa 3.3 nikapata kama 64, nikatoa kidogo kwa ajili ya ile kamba ya Dyneema inayoshika jino. Watu wenye vifua vikubwa wanagawa kwa zaidi ili mpira uvutike zaidi, mi nasema anza taratibu, mpira uliovutwa kupita kiasi unakufa mapema na bunduki inaanza kupiga teke.

Kuelea kwake. Bunduki ukiifyatua mshale ukatoka inatakiwa ipande juu yenyewe, na ikiwa na mshale izame taratibu kidogo, ili usipigane nayo kwenda chini. Mshale wangu una karibu nusu kilo, kwa hiyo mwili wa mbao lazima uwe na unene wa kutosha kuubeba. Nilianza na mwili mnene, ikawa inaelea hata na mshale, ukizama nayo inakuvutia pua juu. Nikawa napunguza kwa randa, naenda kuitupa kwenye ndoo kubwa la maji uani, narudi napunguza tena. Usiweke mafuta wala vanishi mpaka umalize hiyo kazi. Mimi nilifika kwenye upana wa milimita 36, ikatulia.

Juu nilipaka epoksi nyembamba mara mbili, ndani ya shimo na mfereji mara tatu, alafu vanishi ya boti juu yake kwa sababu epoksi peke yake jua linaila inakuwa ya njano na unga unga.

Kuijaribu baharini mara ya kwanza nilifanya hivi na naomba kila mtu afanye hivi. Asubuhi sana, upande wa Bluff, hakuna mtu majini, bunduki nimeifunga kwenye jiwe ndani ya maji, nimepakia mpira mmoja tu, nikafunga uzi kwenye kifyatulio nikakaa nyuma mbali pembeni nikauvuta. Mara kumi mpira mmoja, mara kumi mipira miwili. Ndo nikaishika kwa mkono. Na hii bunduki haipakiwi nje ya maji, kamwe, hata kupiga picha. Na huzamii peke yako, mmoja chini mmoja juu anaangalia, pumzi ikikatika mtu anazimia bila hata kupiga kelele.

Baharini sasa. Ukifyatua ni kimya, hamna ile sauti ya bomba, na shabaha mpaka mita tatu na nusu naiamini kabisa. Haina teke. Samaki wa kwanza alikuwa kolekole wa wastani, alikuja kuniangalia kama wanavyofanya, nikamngoja ageuze ubavu. Februari nikapata nguru, hapa wanamwita couta, wanakuja na maji ya moto kutoka kaskazini upande wa Msumbiji. Nguru mwenye nyama kama ya kwetu Tanga, nikampika wa nazi, nikampigia mama simu nikamwambia nimempata kwa bunduki ya mninga, akaniuliza mninga umeupata wapi huko.

Ubaya wake upo. Ukitaka kuigeuza haraka kushoto kulia ni nzito, maji yanaishika, ya alumini inakuzidi mbali sana hapo. Kwenye mapango na maji yenye vumbi sibebi hii, nabeba bunduki fupi. Na kwa hela, ukihesabu ubao ulioharibika na mipira mibovu, nimefika bei ya bunduki mpya ya dukani bila kuhesabu wikendi sita. Mtu anayetaka kuokoa hela akanunue. Mtu anayependa mbao na bahari kwa pamoja atengeneze, kwangu ni nne na nusu kati ya tano.

Vanishi pale mdomoni ambapo mipira inasugua imeanza kuinuka, nimeshaikwangua mpaka kwenye mbao, mninga chini yake uko mkavu kabisa. Jumamosi hii naipaka upya alafu nazungushia kipande cha ngozi pale pale mpira unapogusa.